Guyo, Ekiru au Kirimi: Kumpa Mwanao Jina la Asili Ukiwa Isiolo

Mborana akiitwa Halkano, mara nyingi unajua alizaliwa usiku. Guyo alizaliwa mchana, Wario jua likiwa la utosi, Galgalo jioni, Boru alfajiri. Mvua ikinyesha siku hiyo mtoto ni Roba. Kiangazi kikiwa kimekaza ni Bonaya. Familia ikiwa inahama, nyumba imepakiwa juu ya ngamia, mtoto ni Godana. Wako pia waliorithi jina la babu bila kujali saa waliyozaliwa, ndiyo maana utamkuta Guyo aliyezaliwa saa nane za usiku. Majina haya yanaitwa kila siku Bulla Pesa, Merti, Kinna na Garbatulla, na hakuna anayeshangaa.

Mashaka huanza pale mzazi anapolifikiria jina likiwa mbali na nyumbani. Mwongozo huu ni wako wewe ambaye mtoto amezaliwa au yuko njiani, wazee wamekwisha kutaja jina, nawe unalipenda, ila moyo hautulii. Akienda Nairobi wataliweza? Mwalimu atalitamka vipi? Sheikh au padri atasema nini? Wenzake darasani hawatalifanyia mzaha? Na ndugu yako aliye mjini amekutumia ujumbe mara mbili akisema siku hizi watoto wanaitwa Jayden na Liam, jina la kizamani litamrudisha nyuma.

Msimamo wangu nautaja mapema ili ujue unazungumza na nani: mpe jina la asili, na liweke mbele mahali linapoonekana. Lakini wasiwasi wako si upuuzi. Una sehemu zenye ukweli, na kila sehemu ina dawa yake. Tuanze na masikio ya watu wa hapa hapa.

Majirani wana jina hilo hilo

Isiolo ni mji wa makabila mengi. Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru, Wasomali, Wasakuye na Wagabra wanakutana soko moja, hospitali moja, na mara nyingi darasa moja. Jina la mwanao litasikiwa na watu wasiojua maana yake kuanzia wiki ya kwanza. Wazazi wengi huliona hilo kama hatari. Mimi nakushauri ulitumie.

Kaa na jirani wa kabila jingine umuulize: kwenu mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha anaitwa nani? Mborana atasema Roba. Mturkana atasema Ekiru. Msomali atakutajia Roble. Mkalenjin, kama yuko mwalimu au askari aliyehamishiwa hapa, atasema Kiprop. Uliza kuhusu aliyezaliwa wageni wakiwa nyumbani: Mturkana ana Lopeyok, Mkalenjin ana Kiptoo. Aliyezaliwa wakati wa safari au kuhama ni Godana kwa Mborana na Kipruto kwa Mkalenjin. Hata mti mmoja, ule mgunga wenye kivuli kipana ambao mifugo hukimbilia maganda yake, umezaa majina mawili: Dadacha upande wa Waborana na Ewoi upande wa Waturkana.

Zoezi hili lina kazi mbili. Kwanza, linakupa jibu fupi la kumpa mtu yeyote anayeuliza. Ukimwambia Mkalenjin, "Roba ni Kiprop wetu," amekwisha kulishika na halimtoki tena. Pili, linakuondolea fikira kwamba jina la kwenu ni la porini na la wenzako ni la kawaida. Oktoba 12, 2019, mjini Vienna, mtu wa kwanza kukimbia kilomita 42 chini ya saa mbili alitumia saa 1, dakika 59 na sekunde 40, na jina lililotangazwa dunia nzima lilikuwa Kipchoge, ambalo hutajwa kuwa la mtoto aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka. Watangazaji wa Ulaya walijifunza kulitamka kwa sababu walilihitaji. Hakuna aliyemwomba alirahisishe.

Lipeleke jina sokoni

Kabla hujaamua, litoe jina nje ya nyumba. Siku unayoenda sokoni, mwambie muuza miraa aliyetoka Maua jina unalofikiria, umwombe alirudie. Fanya hivyo kwa mama anayeuza maziwa ya ngamia, kwa Msomali mwenye duka la nguo, na kwa makanga wa matatu ya Meru. Mpigie simu mtu aliye Nairobi umtajie jina mara moja tu, kisha umwombe akuandikie kwa ujumbe.

Sikiliza matamshi, lakini zaidi ya yote angalia maandishi. Utashangaa. Galgalo itarudi kwako ikiwa Galgallo. Jatani itakuja Jattani, na mwingine ataandika Yatani. Waqo itakuwa Wako, au Wakho. Kiborana kina sauti ambazo Kiswahili hakina, kama ile q ya kooni na ile dh ya kumezwa inayoanza neno la mgunga, na asiyezaliwa nazo hatazitoa. Jiulize swali moja la kweli: je, naweza kuishi na jina hili likitamkwa hivi walivyolitamka? Kama Wako inakuridhisha ingawa nyumbani mnasema Waqo, huna shida. Kama kila ukisikia Wako unakunja uso, chagua jina lisilo na sauti hiyo. Boru, Roba, Guyo, Bonaya na Dida hupita mdomo wowote salama. Kwa Wameru, Mwenda, Kirimi, Mugambi na Mutethia hayana mwiba wowote kwa msemaji wa Kiswahili.

Kwa Waturkana kuna jambo dogo lenye madhara makubwa. Herufi ya kwanza mara nyingi ndiyo inayotofautisha mvulana na msichana: Ekiru ni wa kiume, Akiru wa kike. Vivyo hivyo Lo- na Na- mwanzoni mwa majina mengi. Karani asiyejua Kiturkana akisikia vibaya, au akidhani unakosea, kijana wako ataandikwa jina la msichana na hutagundua mpaka siku ya kumsajili shule. Herufi hiyo ya kwanza isimamie mwenyewe, kidole kikiwa kwenye karatasi.

Majina yanayochoma

Sasa tufike pagumu. Yako majina ya asili ambayo maana yake, ikisikiwa na anayeielewa, inaweza kumletea mtoto kejeli. Jaldesa kwa Kiborana ni nyani. Gufu ni kisiki. Yote mawili ni majina halali ya wanaume wenye heshima zao, yamebebwa na vizazi.

Afrika Mashariki nzima ina majina ya aina hii. Mjaluo aliyeitwa Owiti, yaani aliyetupwa, mara nyingi alizaliwa baada ya ndugu zake kufariki wakiwa wachanga, akapewa jina la kumwondoa machoni pa mauti. Tanzania utakutana na akina Mashaka, Shida na Tabu, na jina linasema hali ya nyumba siku mtoto alipokuja. Wazazi hao hawakuwadharau watoto wao. Waliwapenda kwa hofu.

Ila kumbuka mtoto wako hataishi na wanaojua historia hiyo peke yao. Katika darasa la Isiolo, nusu ya watoto wanaweza kuwa wanakielewa Kiborana, na mtoto wa miaka saba hana huruma akipata neno la kuchezea. Ushauri wangu ni huu. Kama jina ni la babu aliyeishi vizuri na anayekumbukwa, mpe mtoto bila kusita. Watu wa eneo lenu wakisikia Jaldesa wanamsikia yule mzee, na mtoto atalindwa na sifa za babu yake. Kama hakuna mzee kama huyo nyuma ya jina, na unalipenda tu kwa kuwa ni la kale, tafuta jingine. Mambo ya kale tunayo mengi yasiyochoma.

Na kama babu mwenyewe ndiye anayeitwa hivyo, yuko hai, na anatarajia jina lake lirudi? Basi usilikatae kwa kunyamaza ukaandikisha jingine kimya kimya hospitalini. Hilo litajulikana, na litauma miaka. Wazee wetu wengi wana jina zaidi ya moja: la kuzaliwa, la rika, la utani, la dini. Mwendee kwa adabu, ikiwezekana ukiwa na shangazi au mjomba anayesikilizwa naye, umwambie: "Baba, jina lako tumelipokea na linabaki kwenye ukoo, kwa sababu litakuwa jina la tatu la huyu kijana kwenye cheti. Tunaomba utuchagulie mwenyewe lile tutakalomwita kila siku." Umempa babu kazi ya kuchagua, na hiyo ndiyo heshima aliyokuwa akiitaka tangu mwanzo.

Nani ana haki ya kutaja

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa kila nyumba inajua desturi yake kuliko mwandishi yeyote. Kwa Waborana wanaoshika mila, mtoto wa kiume hupewa jina katika sherehe ya gubbisa, na mzaliwa wa kwanza hupewa uzito wa pekee. Wameru wengi hurudisha majina ya mababu kwa wajukuu. Wajaluo, kama alivyoeleza John Mbiti katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, walikuwa wakitaja majina ya marehemu mtoto akilia, na lile ambalo alinyamazia ndilo lililokuwa lake.

Shida inayowapata wazazi wa leo Isiolo ni ndoa za mchanganyiko. Mama Mturkana, baba Mmeru. Mama Msomali, baba Mborana. Pande zote mbili zinalo jina tayari. Neno langu moja tu: yazungumzeni mimba ikiwa changa, wakati bado hakuna mtoto wa kugombaniwa. Mkikubaliana kwamba jina la kwanza litatoka upande mmoja na la pili upande mwingine, waambieni wazee wote wawili kwa siku moja, asiwepo anayesikia kutoka kwa jirani.

Sheikh na padri

Kwa Mwislamu, siku ya saba ndiyo ya akika: kondoo au mbuzi wawili kwa mvulana, mmoja kwa msichana, nywele zinanyolewa, na jina linatangazwa. Hofu niliyoisikia mara nyingi ni kwamba jina lisipokuwa la Kiarabu halikubaliki. Zungumza na sheikh wako, lakini nenda ukijua hoja. Imepokewa kwamba majina yapendwayo zaidi na Mwenyezi Mungu ni Abdullahi na Abdurrahman. Imepokewa pia kwamba Mtume alibadilisha majina yenye maana mbaya, kama alipomgeuza Asiya, yaani muasi, akamwita Jamila. Lakini Omar, Hamza na Ali walibaki na majina waliyopewa na wazazi wao kabla ya kusilimu. Kinachotazamwa ni maana. Guyo ni mchana, Roba ni mvua, Boru ni alfajiri. Sioni mtu atakayelalamikia hayo.

Waborana wa Waso, yaani wa huku Isiolo, walikwisha kupata njia yao tangu Uislamu ulipoenea kwao karne iliyopita: jina la dini na jina la Kiborana kwa mtu mmoja, bila ugomvi. Tazama majina ya watu wa hadhara. Gavana wa kwanza wa kaunti, aliyechaguliwa 2013, ni Godana Doyo. Aliyechaguliwa 2022 ni Abdi Ibrahim Hassan Guyo. Mmoja jina la kuhama liko mwanzo, mwingine jina la mchana liko mwisho, na wote wawili walipigiwa kura na watu wale wale.

Kwa Mkatoliki, wapo wazee wa kanisa wanaosisitiza lazima mtoto aitwe jina la mtakatifu. Huo ulikuwa mwelekeo wa sheria ya Kanisa ya 1917. Sheria ya 1983, kanuni ya 855, inataka tu wazazi, wasimamizi na paroko waangalie jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Ekiru anaweza kubatizwa Ekiru. Katekista akikukatalia, usibishane naye mbele ya waumini. Mwone paroko baada ya misa, umtajie kanuni hiyo kwa upole. Na ukitaka kumwongezea Petro au Luka, ni hiari yako, si sharti la kumwosha mtoto na ukabila wake. Kijana wa Limuru aliyechapisha riwaya yake ya kwanza 1964 kwa jina la James Ngugi aliliacha hilo James baadaye, na ulimwengu ukamjua mpaka alipofariki Mei 2025 kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Hakuna msomaji aliyempoteza kwa sababu hiyo.

Nataja pia upande wa pili, maana nisipoutaja nitakuwa sijasema kweli. Mwaka 1972 Rais Mobutu wa Zaire aliwalazimisha Wazaire wote kuacha majina ya Kikristo na kuchukua ya Kiafrika. Jina la asili lililoshurutishwa na serikali ni shuruti kama nyingine. Kama mwenzako wa ndoa kweli hataki, usimlazimishe kwa hoja za uzalendo. Mpe muda, mwimbieni mtoto majina yote mawili kwa wiki chache, na mtasikia wenyewe lipi linakaa mdomoni.

Karatasi ndiyo itakayosema

Nimewaona wazazi wakihangaika miezi na mawazo ya watu, halafu wanamwachia karani asiyewajua aamue tahajia. Hapa ndipo panapohitaji bidii yako yote, kwa sababu maneno ya watu hupita, lakini cheti kinamfuata mtu mpaka pensheni.

Sheria ya Kusajili Vizazi na Vifo, sura ya 149 ya Sheria za Kenya, inataka kuzaliwa kuandikishwe ndani ya miezi 6. Ukichelewa kuna utaratibu mwingine na ada. Akizaliwa hospitalini, wahudumu ndio wanaojaza taarifa ya kuzaliwa. Akizaliwa nyumbani, unaanzia kwa naibu wa chifu. Muuguzi atakuuliza jina pengine mama angali amelala kitandani amechoka. Kama wazee hawajakaa, usitaje jina la kubahatisha ili mambo yaishe. Sheria yenyewe inatambua kwamba mtoto anaweza kuandikishwa kabla hajapewa jina, na inampa mzazi miaka 2 tangu usajili kuliingiza au kulibadilisha kwa ada. Miaka hiyo ikipita, njia inakuwa ndefu na ya gharama.

Andika jina kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, nyumbani, mkiwa mmetulia. Kiweke ndani ya kitabu cha kliniki tangu mwezi wa nane wa mimba. Siku ya siku, mwondolee karani taabu: mpe karatasi anakili. Kisha soma alichoandika kabla hujaweka sahihi, herufi kwa herufi. Jina la baba liandikwe vile lilivyo kwenye kitambulisho chake, hata kama kitambulisho chenyewe kilikosea zamani, ili watoto wote wa nyumba moja wasije wakawa Galgalo, Galgallo na Galgaro. Shule husajili mwanafunzi kwa cheti hiki, mtihani wa taifa unafuata jina lililoandikwa shuleni, na kitambulisho kinaulizia vyote viwili. Herufi moja iliyozidi leo ni safari za kwenda na kurudi Huduma Center akiwa na miaka 18.

Halafu kuna suala la kufanana. Kwetu jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu, na kwa kuwa tunarithi, majina huzunguka: Guyo Wario Guyo, Wario Guyo Wario. Ni mazuri kuyasikia, ila katika shule moja wanaweza kuwapo watatu. Faili za hospitali hukosewa, fedha za karo huingia akaunti ya mwingine. Kabla hujaamua, uliza shuleni na msikitini au kanisani: wenye jina hili na jina la baba kama langu ni wangapi? Wakiwa wengi, tumia lile jina la dini kama la kutofautisha, au rudi nyuma kizazi kimoja zaidi uchukue jina la baba wa babu ambalo limelala. Majina yaliyolala ni hazina, na wazee hufurahi sana ukiwauliza juu yake.

Wa mbali watasemaje

Tumefika kwenye hofu kubwa kuliko zote: jina la kaskazini litamfungia milango.

Sitakudanganya kwamba ubaguzi wa jina ni hadithi. Utafiti uliochapishwa 2004 nchini Marekani ulituma maombi ya kazi maelfu kadhaa katika miji ya Boston na Chicago, sifa zikiwa sawa, majina yakitofautiana. Yenye majina yanayosikika ya Wazungu yalipigiwa simu zaidi kwa takriban asilimia 50. Na hapa kwetu, kwa miaka mingi kijana wa kaskazini aliyeomba kitambulisho alipigwa msasa mbele ya kamati, akiulizwa ukoo na wazazi wa wazazi wake, jambo ambalo kijana wa Nyeri hakuulizwa. Februari 2025 Rais William Ruto aliagiza msasa huo ukomeshwe. Waliopitia hapo wanajua jina lilivyokuwa likitazamwa, na wana haki ya kuwa na kinyongo.

Lakini pima vizuri dawa unayopendekezewa. Mwite Brian, mwite Jayden. Jina la pili bado ni Halkano na la tatu Wario. Mwajiri mwenye ubaguzi atasoma mstari wote. Umelitoa jina la asili la mtoto, na mlango haukufunguka hata inchi moja. Kinachomsaidia mwanao ni cheti kisicho na makosa, masomo, na kujua kwamba Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaharamisha kumbagua mtu kazini kwa kabila lake. Hayo mfundishe.

Na kuhusu kutamka, Nairobi imekwisha kufundishwa. Katikati ya jiji kuna Wabera Street. Wakili, mchuuzi, dereva wa teksi, wote wanalitaja jina hilo kila siku bila kujikwaa. Ni la Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliyeuawa Juni 1963 karibu na Modogashe pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Yatazame majina hayo mawili kwa makini: Daudi na Haji ni ya dini, Dabasso na Galma ni ya nyumbani, na hakuna lililomficha mwenzake. Mwonyeshe mwanao kibao cha barabara hiyo siku utakayompeleka Nairobi. Rais wa 44 wa Marekani naye alijiita Barry alipokuwa kijana, akarudia Barack akiwa chuoni, na ni hilo Barack ambalo Wamarekani walilichagua mara mbili.

Watu hujifunza kulisikia jina kutokana na jinsi wazazi wanavyolitaja. Ukisema, "Anaitwa Ekiru, samahani ni jina la Kiturkana, lakini mnaweza kumwita Erick," umekwisha kuwaambia kwamba lina kasoro. Ukisema, "Anaitwa Ekiru," ukanyamaza, wataliuliza mara moja, watalirudia, na mazungumzo yataendelea. Zoeza ulimi wako kutoongeza neno. Mzoeze na mama mkwe, na shangazi wa Nairobi, na dada wa kazi.

Mwaka wa kwanza wa shule

Siku ya kumpeleka chekechea, fika mapema uonane na mwalimu kabla ya kengele. Mtamkie jina polepole, umwombe alirudie, na umshukuru akilipata. Mtoto naye awe na sentensi moja ya kujibu akiulizwa: "Naitwa Roba, nilizaliwa mvua ikinyesha." Mtoto anayeijua sentensi hiyo hawezi kutikiswa kirahisi. Akirudi nyumbani analia kwamba wamemcheka, usikimbilie kusema tutakubadilishia. Muulize walisema nini hasa. Mara nyingi kinachochekwa ni kitu kingine, viatu au meno, na jina limeburutwa tu. Kama kweli ni jina, na linaendelea, zungumza na mwalimu wa darasa, na mwombe siku moja kila mtoto aje na maana ya jina lake kutoka kwa nyanya au babu. Katika darasa la Isiolo, somo hilo litajaa asubuhi nzima.

Atakapofika miaka 13 au 14 huenda akaja na jina la mtaani alilojipa au alilopewa na wenzake uwanjani. Mwache. Wasomali wameishi na majina ya utani vizazi na vizazi, na hakuna ukoo uliopotea kwa hilo. Nyumbani endelea kumwita jina lake kama kawaida, bila kumsuta, na usikubali liandikwe daftarini wala kwenye fomu ya mtihani. Akisisitiza kwamba hilo la cheti halitaki kabisa, mweleze nani alilichagua na kwa nini, kisha mwambie ukweli wa sheria: akishakuwa mtu mzima anaweza kulibadilisha mwenyewe kwa hati rasmi, na siku hiyo utakwenda naye kama atataka umsindikize.